Tezi Dume na Sahani Yako: Chakula Kinaweza Nini, na Hakiwezi Nini

Saratani ya tezi dume inapotajwa, iwe kijiweni au msibani, swali la kwanza kwa wanaume wengi huwa moja: tule nini? Majibu hayakawii. Mmoja atasema mbegu za maboga, mwingine nyanya, wa tatu atatuma ujumbe wa sauti kwenye simu unaosifu unga wa mizizi uliomponya jirani wa shemeji yake. Yuko atakayeapa kwamba maziwa ndiyo sumu. Yuko pia atakayesema tule tu tulichojaliwa, kwani mwili haujengwi kwa matofali.

Swali lenyewe ni jema na linastahili jibu la kweli. Jibu langu, nitakalolieleza kwa kirefu, ni hili: hakuna chakula kimoja kinachozuia saratani ya tezi dume, wala kimoja kinacholeta. Kinachohesabika ni ulaji wa miaka mingi, na njia kubwa ambayo ulaji huo unaigusa tezi dume ni uzito wa mwili. Hata ukila vizuri namna gani, sahani haiwezi kushika nafasi ya kipimo. Mwanamume anayekula mboga kila siku na kuikwepa hospitali amefanya nusu tu ya kazi.

Tezi moja, matatizo matatu

Kila mwanamume ana tezi dume. Imekaa chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo, na kazi yake ni kutoa sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Umri unapokwenda inaweza kupatwa na mambo matatu: maambukizi, kutanuka kusiko na saratani, na saratani yenyewe. La pili ndilo la wengi. Mzee anayeamka mara nne usiku kwenda kukojoa, na mkojo wake ukawa unatoka kwa kusitasita, mara nyingi tezi yake imetanuka tu. Saratani kwa kawaida huanzia pembezoni mwa tezi, mbali na mrija wa mkojo, ndiyo maana inaweza kukua kwa miaka bila mtu kuhisi chochote.

Tofauti hiyo ni muhimu, kwa sababu ushauri mwingi wa mitaani unayachanganya matatizo haya. Mbegu za maboga zimechunguzwa kwa wanaume ambao tezi zao zimetanuka na wanapata shida ya kukojoa. Hali kadhalika gome la mti uitwao Prunus africana, unaomea katika misitu ya milima ya Afrika, ambalo kwa miongo mingi limekuwa likisafirishwa Ulaya kutengenezewa dawa za shida hiyo hiyo. Hakuna kati ya hivyo viwili kilichothibitishwa kuzuia wala kutibu saratani. Mtu anaweza kunywa dawa ya mitishamba, mkojo ukatoka vizuri, akadhani amepona, huku saratani, kama ipo, ikiendelea na kazi yake.

Yale ambayo sahani haiyabadilishi

Mwaka 2022 wanaume wapatao milioni 1.47 duniani waligunduliwa kuwa na saratani hii, na karibu 397,000 walifariki kwa ajili yake. Katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo, ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanaume.

Mambo matatu yanayoongeza hatari zaidi hayako jikoni. La kwanza ni umri: ni nadra kabla ya miaka 40, na hupanda haraka baada ya 50. La pili ni ukoo: mwanamume ambaye baba au ndugu yake wa kiume aliugua, hatari yake ni takribani mara mbili ya mwenzake. Upande wa wanawake katika ukoo nao una habari ya kutoa, kwa kuwa hitilafu ya jeni la BRCA2, inayoongeza hatari ya saratani ya matiti na ya ovari, humwongezea mwanamume hatari ya saratani ya tezi dume, tena ile kali. La tatu ni asili. Nchini Uingereza, mwanamume mmoja kati ya 4 wenye asili ya Afrika hugunduliwa na saratani hii katika maisha yake, ilhali kwa wanaume kwa ujumla ni mmoja kati ya 8.

Nayasema haya mapema kwa makusudi. Yupo aliyekula vizuri maisha yake yote na akaugua, na hana kosa lolote. Unapokwenda kumwona mgonjwa, usimuulize alikuwa anakula nini. Amebeba mzigo wa kutosha, usimwongezee na wa lawama.

Ushahidi unasema nini

Kama chakula si kila kitu, kwa nini tukijadili? Kwa sababu kuna dalili kwamba kina sehemu yake. Wajapani waliohamia Hawaii na California walianza kuugua saratani ya tezi dume kwa wingi kuliko ndugu zao waliobaki Japani. Damu ilikuwa ile ile, maisha ndiyo yaliyobadilika: chakula, kazi, uzito. Ni kweli kwamba Marekani hupima wanaume wengi zaidi, na anayetafuta sana hupata sana, kwa hiyo si tofauti yote inayotokana na chakula. Hata hivyo wachunguzi wengi wanaona kwamba sehemu yake inatokana nacho.

Ushahidi wa karibu zaidi na sisi umetoka Kilimanjaro. Aprili 2025, watafiti wa Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi walichapisha katika jarida la Nature Medicine matokeo ya utafiti wa wanaume 77 wenye afya njema. Wa vijijini, waliozoea chakula cha asili, walipewa kwa wiki mbili vyakula vya kisasa vya kusindikwa vyenye nishati nyingi. Wa mjini wakafanyiwa kinyume chake: wakala mboga za majani, jamii ya kunde, ndizi, viazi na nafaka zisizokobolewa. Kundi la tatu likanywa mbege, pombe ya asili, kwa wiki moja.

Wiki mbili tu zilitosha kuonyesha tofauti katika damu. Kwa wale waliohamishiwa chakula cha kisasa, viashiria vya kinga ya mwili kuwa katika mapambano yasiyo na adui vilipanda, na chembe zao za kinga zikawa dhaifu zaidi mbele ya vimelea vya kweli. Kwa waliorudishwa kwenye chakula cha asili, viashiria hivyo vilishuka. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye.

Tuupe utafiti huo uzito wake, tusiuzidishie. Haukupima saratani. Ulipima hali ambayo ikidumu kwa miaka huhusishwa na magonjwa mengi, kisukari, moyo na baadhi ya saratani yakiwemo. Wala kundi la mbege si kibali cha kwenda kilabuni kila jioni, kwani pombe, ya asili au ya kiwandani, inahusishwa na saratani kadhaa. Ninachokichukua kutoka Moshi ni kwamba chakula walichokula bibi zetu, kiburu cha ndizi na maharage pamoja na mboga ya bustanini, kinafanya jambo jema mwilini, na kinalifanya haraka kuliko wengi tulivyodhani.

Usinunue kinga ya kwenye chupa

Maduka ya dawa na wauzaji wa mitandaoni wanauza vidonge vya kulinda tezi dume kwa bei inayoweza kulisha familia wiki nzima. Kabla hujafungua pochi, jua yaliyotokea Marekani.

Kuanzia mwaka 2001, wanaume zaidi ya 35,000 wa Marekani, Kanada na Puerto Rico waliingizwa katika jaribio kubwa lililoitwa SELECT. Baadhi walipewa vidonge vya madini ya seleniamu, baadhi vitamini E, baadhi vyote viwili, na wengine vidonge visivyo na dawa. Matumaini yalikuwa makubwa, kwa sababu tafiti za awali zilidokeza kwamba virutubisho hivyo vinakinga. Mwaka 2008 vidonge vilisimamishwa kwa kuwa havikuonyesha faida. Mwaka 2011 ikaja habari mbaya zaidi: waliomeza vitamini E peke yake waliugua saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi. Katika kila wanaume 1,000 waliofuatiliwa kwa miaka saba, waliougua ni 76, wakati kwa waliomeza vidonge visivyo na dawa ni 65.

Finland nako, katika jaribio la wavutaji sigara 29,133, vidonge vya betakarotini, kirutubisho kile kile kinachoifanya karoti iwe ya rangi ya chungwa, viliongeza saratani ya mapafu. Karoti haimdhuru mvutaji, lakini kirutubisho chake kilipochujwa na kukolezwa kwenye kidonge kilimdhuru. Kirutubisho ndani ya chakula huja na wenzake, kwa kiasi ambacho mwili unakijua. Kama daktari hajakukuta na upungufu fulani, pesa ya vidonge peleka sokoni.

Nyanya je?

Nyanya zilipata sifa kwa ajili ya laikopini, ile rangi nyekundu iliyomo pia katika tikiti maji, papai na pera jekundu. Tafiti za miaka ya 1990 ziliona kwamba wanaume waliokula sana mchuzi wa nyanya waliugua kidogo zaidi. Mwaka 2007 Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani uliandika kwamba huenda laikopini inakinga. Mwaka 2014, baada ya kupitia ushahidi mpya, mfuko huo huo ukashusha kauli yake: ushahidi hautoshi kufikia uamuzi.

Usiache nyanya. Zipike na mafuta kidogo, maana laikopini hufyonzwa vizuri zaidi nyanya ikiiva na ikipata mafuta, na mchuzi wetu wa kila siku tayari hupikwa hivyo. Ila usimwambie mtu kwamba kilo ya nyanya kwa wiki itamkinga.

Kiuno ndicho cha kuangalia

Katika mapitio yale ya mwaka 2014, jambo moja linalohusu ulaji lilisimama kwa nguvu kuliko mengine: unene uliokithiri huongeza uwezekano wa kupata saratani ya tezi dume iliyosambaa au iliyo kali, yaani ile inayoua. Mafuta ya tumboni hayakai kimya. Hubadilisha homoni, hupandisha insulini, na huiweka kinga ya mwili katika ile hali ya mapambano ya kudumu niliyoitaja.

Unene una hila nyingine. Mtu mnene ana damu nyingi zaidi, kwa hiyo protini ya PSA inayopimwa kutafuta saratani huzimuliwa, na kipimo kinaweza kusomeka chini kuliko hali halisi. Saratani inachelewa kuonekana kwa mtu yule yule ambaye kwake ina hatari zaidi.

Huhitaji mashine kujua ulipo. Chukua kamba, ipime iwe sawa na urefu wako kutoka unyayo hadi utosi, kisha ikunje katikati. Nusu hiyo ikizunguka kiuno chako usawa wa kitovu na ncha zikakutana bila kubana tumbo, uko vizuri. Zisipokutana, una kazi ya kufanya. Kitambi tumekizoea kukiita heshima au dalili ya neema. Kwa afya ya mwanamume, kitambi ni deni.

Nyama na maziwa

Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliziweka nyama za kusindikwa, kama soseji na bekoni, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu katika kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha. Ushahidi mkubwa ulihusu utumbo mpana. Kwa tezi dume kulikuwa na uhusiano ulioonekana na nyama nyekundu, lakini si wa kukata shauri.

Huhitaji kuacha nyama. Kipimo kinachoshauriwa ni kisichozidi gramu 350 hadi 500 za nyama nyekundu iliyokwisha kupikwa kwa wiki. Anayeagiza nusu kilo ya nyama choma Ijumaa na kuimaliza peke yake amekula karibu ya wiki nzima kwa jioni moja. Basi kuleni watatu au wanne, na kachumbari iwe nyingi. Nyama inapobabuka juu ya moto mkali hutengeneza kemikali zenye madhara, kwa hiyo ilowekwe kwanza kwenye ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, au ichemshwe kidogo kabla ya kupanda jikoni. Igeuzwe mara kwa mara, na palipoungua pakatwe patupwe.

Kuhusu maziwa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, waliwafuatilia Waadventista wengi ambao baadhi yao hawanywi kabisa maziwa. Mwaka 2022 waliripoti kwamba wanaume waliotumia takribani gramu 430 za maziwa na mazao yake kwa siku, karibu bilauri mbili, walikuwa na hatari kubwa zaidi kwa takribani asilimia 25 kuliko waliotumia kidogo sana. Kalsiamu iliyotoka kwenye vyakula vingine haikuonyesha uhusiano huo. Kwa upande mwingine, maziwa yanaonekana kupunguza hatari ya saratani ya utumbo mpana, na kwa familia nyingi ni chakula muhimu.

Ushauri wangu hapa ni wa kadiri. Maziwa ya kwenye chai au kikombe cha mtindi kwa siku visikutie hofu. Anayekunywa bilauri tatu nne kila siku kwa kuamini kwamba ndiyo afya, apunguze. Vidonge vya kalsiamu visimezwe bila daktari kusema.

Sahani yenyewe

Tuje jikoni sasa. Gawa sahani kwa macho. Nusu iwe mboga na matunda, robo iwe wanga, na robo iwe protini. Wengi wetu tunafanya kinyume: mlima wa ugali au wali, na mboga pembeni kama kitoweo cha kuonja. Badilisha ukubwa wa kila kimoja, na umeshafanya nusu ya mageuzi bila kununua kitu kipya.

Katika wanga, chagua dona badala ya sembe kila inapowezekana. Ulezi, mtama, ndizi, magimbi, viazi vitamu na mihogo ya kuchemsha vyote vina nafasi. Nyuzinyuzi zake hushibisha kwa muda mrefu na kuzuia sukari isipande ghafla. Mihogo na viazi vikizama kwenye karai la mafuta, hesabu inakuwa nyingine.

Katika mboga, tuna utajiri ambao wengine huununua kwa bei kubwa: mchicha, matembele, kisamvu, majani ya kunde, majani ya maboga, mnafu, mlenda, sukuma wiki. Badilisha kila siku. Usichemshe mpaka zikapoteza rangi kisha ukamwaga maji yake. Kisamvu peke yake ndicho cha kutwanga na kupika muda mrefu, kwa sababu kina sumu inayotoka kwa kuivishwa vizuri. Mafuta yapime kwa kijiko, usimimine moja kwa moja kutoka kwenye dumu.

Katika protini, jamii ya kunde iwe chakula cha kila siku na nyama iwe ya siku chache. Maharage, kunde, choroko, dengu, mbaazi: ni rahisi, zinashibisha, zinakaa ghalani. Anayelalamikia gesi aziloweke usiku kucha na kumwaga maji yale kabla ya kupika. Walio Pwani wanajua uzuri wa mbaazi za nazi. Ziendelee kupikwa, ila tui liwe jepesi. Samaki na dagaa wachukue nafasi ya nyama nyekundu mara mbili tatu kwa wiki, wakichemshwa au wakiungwa kwa mchuzi kuliko kuzamishwa kwenye mafuta. Karanga konzi moja ni nzuri, lakini zilizoota ukungu zitupwe bila huruma, maana zina sumukuvu inayosababisha saratani ya ini.

Katika vinywaji, maji ndiyo ya kwanza. Soda na juisi za paketi ni sukari inayopita bila kushibisha, na chai ya vijiko vinne vya sukari haina tofauti kubwa na soda. Punguza kijiko kimoja kila wiki; ulimi huzoea. Tunda ulile zima badala ya kulikamua.

Najua wanaume wengi hawali mchana nyumbani. Kwa mama lishe, agiza hivi: wali au ugali nusu, maharage, mboga ya majani mara mbili, na samaki ikiwa yupo. Watu wawili watatu wakiomba mboga zaidi kila siku, mama lishe ataongeza sufuria. Dereva wa lori au wa bodaboda anayeshinda kwa chipsi mayai na soda abebe ndizi na karanga, na chipsi ziwe za mara moja kwa wiki.

Nyumbani, mzigo huu usiachiwe mke peke yake. Mwanamume anayesukuma bakuli la mboga pembeni akidai nyama anawafundisha wanawe kula hivyo hivyo. Mwanamume anayeingia sokoni mwenyewe, akachagua matembele na dagaa, anafundisha somo jingine. Saratani hii huchukua miaka mingi kujengeka, hivyo chakula cha mvulana wa leo kina maana kama cha baba yake.

Usijaribu kubadilisha yote kwa wiki moja. Mwezi wa kwanza shughulikia sukari na soda. Wa pili, mboga iwe nusu ya sahani. Wa tatu, nyama iwe ya siku mbili. Wakati wote huo tembea kwa miguu nusu saa kwa siku, upate jasho kidogo. Sigara iache kabisa: wavutaji wenye saratani ya tezi dume hufa kwa ugonjwa huo zaidi kuliko wasiovuta.

Kwa ambaye tayari amegunduliwa

Kwako ndugu uliyeambiwa una saratani ya tezi dume, nakuomba uwe mwangalifu zaidi na maneno ya vyakula, kwani ndiko ahadi za uongo ziliko nyingi.

Nchini Marekani wanaume 478 wenye saratani ya hatua za mwanzo, waliokuwa wakifuatiliwa kwa karibu bila kutibiwa kwanza, waliingizwa katika jaribio. Nusu walishauriwa kwa simu kula mboga angalau mara saba kwa siku. Matokeo yalitolewa mwaka 2020: walikula mboga zaidi kweli, lakini katika miaka miwili ugonjwa wao haukupungua kasi ikilinganishwa na wenzao. Mwaka 2024 watafiti wa Johns Hopkins walitazama wanaume 886 wa aina hiyo na kuona kwamba waliokuwa na ulaji bora tangu mwanzo walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa saratani yao kuonekana kali katika vipimo vya baadaye. Tafiti hizi mbili hazigombani. Mboga za miaka miwili huenda zisizuie kilichokwisha kuota, na ulaji wa miaka mingi ukawa na mchango. Kwa vyovyote, kula vizuri kunakulinda moyo, na wanaume wengi wenye saratani ya tezi dume ya hatua za mwanzo hatimaye hufa kwa magonjwa mengine, moyo ukiwa mbele.

Aliye kwenye tiba ya kushusha homoni ajue kwamba dawa hizo hupunguza misuli, huongeza mafuta na hudhoofisha mifupa. Huyo anahitaji protini ya kutosha, mazoezi ya kunyanyua vitu vizito kwa kiasi, na kalsiamu na vitamini D kadiri daktari atakavyoelekeza. Asiache maziwa kwa kusikia habari za wasiougua.

Aliyedhoofika kwa ugonjwa uliosambaa asijinyime chakula. Wapo wanaoambiwa waache sukari, nyama na wanga ili kuinyima saratani chakula; kinachonyimwa ni mwili, na mgonjwa hufika kwenye tiba akiwa hana nguvu ya kuistahimili. Ale anachokiweza, kidogo kidogo, mara nyingi. Kama unatumia mitishamba, mwambie daktari bila woga, kwani baadhi hugongana na dawa.

Mguu wa hospitali

Katika hospitali zetu wanaume wengi hufika saratani ikiwa imeshaingia kwenye mifupa, mgongo ukiuma na miguu ikififia. Hapo tiba hupunguza maumivu na kurefusha maisha, lakini nafasi ya kupona imekwisha kupita. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mwongozo wa Jumuiya ya Saratani ya Marekani unashauri mwanamume azungumze na mtaalamu kuhusu kupimwa akiwa na miaka 50. Mwenye asili ya Afrika, au ambaye baba au ndugu yake aliugua kabla ya miaka 65, aanze 45. Mwenye ndugu wa karibu zaidi ya mmoja walioupata mapema, 40. Kwa wasomaji wangu wengi basi, umri ni 45.

Kipimo cha kwanza ni cha damu, PSA. Daktari anaweza kuongeza uchunguzi wa kidole, ambao huchukua muda mfupi na haumpunguzii mtu uanaume wake. PSA ikiwa juu haimaanishi moja kwa moja saratani: maambukizi, kutanuka kwa tezi, hata kutoa manii siku moja mbili kabla vinaweza kuipandisha. Dawa za tezi iliyotanuka kama finasteride huishusha karibu nusu, kwa hiyo mtajie daktari kila unachomeza. Wala si kila saratani ikigunduliwa inahitaji kukatwa. Nyingine hufuatiliwa tu. Uliza maswali, chukua muda wako kuamua. Ukiona damu kwenye mkojo au manii, mkojo ukiziba, au maumivu ya mgongo na nyonga yasiyoisha, usisubiri umri wowote.

Vipimo hivi hupatikana katika hospitali nyingi za mikoa na za kaunti, na wanaohitaji zaidi hupelekwa Ocean Road, KCMC, Bugando, Kenyatta au Moi. Jiunge na bima mapema kama unaweza, kabla hujaihitaji.

Anza wiki hii na mambo mawili. Zungumza na baba, ami na kaka zako, na pia shangazi na mama wakubwa, ujue nani katika ukoo aliugua nini na akiwa na umri gani, kisha uyaandike. Halafu weka tarehe ya kwenda kupimwa kama umri umefika, na mpe mwenzako tarehe hiyo ili akukumbushe. Chakula kizuri kitakupunguzia kitambi, kitakulinda moyo, na yaelekea kitapunguza uwezekano wa kupata saratani iliyo kali. Kipimo kitaikuta mapema ile itakayopenya pamoja na hayo yote. Familia yako inakuhitaji ufanye yote mawili.